Barabara ya Babu Mwinshehe

Leo nimeaibika mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na kipaza sauti nilikishika kwa mkono wangu mwenyewe.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Huko nje kuna watu wanakula pilau niliyoipika alfajiri kwa ajili ya ushindi. Ushindi haukuja, lakini pilau ilikuwa imeshaiva. Wanakula, wanacheka, na kila wakicheka najua ni mimi. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata habari kwa Mfaume, maana yule ataongeza chumvi, na kisa hiki kimeshakolea.

Kwa msionijua: naitwa Zaituni, mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kijiji chetu kiko kaskazini ya Bagamoyo, njia ya Saadani. Ukipanda bodaboda Dunda, pale mjini, huku unashuka umeshika kiuno. Tuna msikiti mmoja, shule moja, zahanati ambayo mpaka leo inasubiri bati, na barabara moja tu ya maana, ile inayotoka msikitini kwenda pwani kwenye samaki. Nyingine zote ni njia za mbuzi, na mbuzi wenyewe huzilalamikia.

Sasa tumeletewa agizo kwamba kila barabara iwe na jina na kibao. Jina lipitishwe na wananchi wenyewe kwenye mkutano mkuu. Na kama ni jina la mtu, lazima ielezwe huyo mtu aliifanyia nini barabara hiyo. Si kuchukua tu jina la mjomba wako kwa sababu ana gari.

Kusikia hivyo, nikakosa kutulia. Babu yangu mzaa baba, Mzee Mwinshehe, ndiye aliyeichimba barabara ile. Ndivyo tulivyokuzwa. Shangazi zangu walikuwa wakitusimulia kwamba miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, watu walipoitwa kazi za kujitolea, babu alikuwa mbele na jembe, na visiki vilikuwa vinang'oka vyenyewe vikimwona. (Vikimwona. Na mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikaamini.)

Halafu kuna baba. Baba yangu, Mzee Salumu, ana miaka sabini na kitu, na mguu wa kulia siku hizi haumtii. Mwaka jana alilazwa wiki mbili, na tangu tumrudishe nyumbani amekuwa mtu wa kukaa barazani kimya. Unamsalimia, anaitikia, basi. Nikajiambia, kabla baba yangu hajaniondoka, ataona jina la baba yake limeandikwa kwenye kibao cha serikali, mbele ya mlango wake, akitoka kutawadha anakiona. Hilo ndilo nililolitaka. Mengine yote mtakayoyasikia ni kimbelembele changu, lakini hilo lilikuwa la kweli kabisa.

Nilipomwambia, aliupapasa mkongojo wake kwanza. Halafu akasema, "Zaituni mwanangu, watu wa zamani waache walale."

Nikasema, huo ndio unyenyekevu wa wazee. Nikazidi kumpenda.

Mpinzani wangu alikuwa Mfaume. Mfaume ni seremala, tumesoma darasa moja, na tangu darasa la tatu sijawahi kusema neno asilipinge. Nikisema kiangazi, yeye anafungua mwavuli. Basi naye akaleta jina la babu yake. Sababu? Babu yake alikuwa mtu wa kwanza kupita na baiskeli kwenye barabara ile.

"Kupita si kuchimba," nikamwambia kwenye kikao cha halmashauri wiki iliyopita.

"Na wewe una ushahidi gani kwamba wako alichimba?"

Mtendaji wetu wa kijiji, kijana mpole mwenyeji wa Singida, akaingilia kati kabla hatujavuana vilemba. Akasema kwenye kabati la ofisi kuna madaftari ya mihtasari ya zamani, ya kamati ya maendeleo ya wakati huo, na kila kitu kimeandikwa humo.

Jumatano nikaenda ofisini. Kabati likafunguliwa, likatoka vumbi, wakatoka mende, mwisho likatoka daftari. Nikapekua mpaka nikafika kwenye ukurasa wenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa: BARABARA YA PWANI, MAJINA. Na jina la kwanza, juu kabisa, limepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu: Mwinshehe Salumu.

Jamani. Mistari miwili. Wino mwekundu. Nani hupigiwa mistari miwili kama si shujaa?

Nikafunga daftari, nikalibusu (ndiyo, nililibusu, na mende niliwaona), nikamwambia mtendaji alifungie kwa ufunguo asije Mfaume akachana ukurasa. Mstari wa chini ya jina sikuusoma. Hilo naomba mnihurumie.

Leo nimeamka kabla ya adhana. Pilau jikoni. Kanzu ya baba nimeipiga pasi mara mbili na kuifukiza udi. Nilipokuwa namvalisha kofia, akanishika mkono.

"Ni lazima usome wewe?"

"Baba, jina la babu yangu alisome nani mwingine?"

"Yule kijana mtendaji ana macho mazuri."

"Kwani yangu yana nini?"

Akatazama pembeni. Nikadhani ni machozi ya furaha, nami nikatoa yangu kidogo, nikajipaka upya wanja, tukatoka.

Mkutano ulikuwa saa tatu, darasa la nne, shule ya msingi. Mtu mzima akikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yanamfika kidevuni, lakini leo hakuna aliyelalamika. Siku za kujadili choo cha shule tunakuwa watu kumi na wawili tukihesabu na fundi. Leo akidi ilitimia mpaka madirishani, maana habari za mimi na Mfaume zilikuwa zimeshafika kila jiko. Kipaza sauti tuliazima madrasa. Spika ikatundikwa nje, ikaelekezwa pwani, ili akina mama wanaokaanga samaki nao wasipitwe na maendeleo. (Wazo la spika kuelekezwa pwani lilikuwa la nani? La kwangu.)

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rajabu, akafungua kwa dua. Mfaume akaanza. Alizungumza kuhusu baiskeli ya babu yake mpaka watu wakapiga miayo. Rangi yake, kiti chake, kengele yake ilivyokuwa inalia. Nilimwacha amalize. Nilimtazama kwa huruma.

Ikaja zamu yangu. Nikasimama, nikawaamkia wazee shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sina maneno. Maneno yamo kwenye daftari la serikali. Naomba mkutano huu upitishe kwamba muhtasari usomwe wote, neno kwa neno, na mtu yeyote asikatize."

Hapo kwenye "mtu yeyote" nilimgeukia Mfaume.

Mtendaji alikuwa amelishika daftari kifuani. "Mama, ni kurasa kadhaa," akasema taratibu. "Labda tungedondoa sehemu tu, halafu mengine tukayaweka kwenye kumbukumbu."

Sasa ninavyoikumbuka sauti ile, kijana alikuwa ananiokoa. Alishalisoma.

"Wote," nikasema.

Mfaume akanyoosha mkono. "Naunga mkono hoja."

Tangu darasa la tatu Mfaume hajawahi kuniunga mkono. Ningekuwa na akili ningekaa chini palepale. Lakini mikono ilikuwa imeshapanda darasa zima, hoja ikapita. Mkono mmoja tu haukupanda, wa baba yangu, dawati la mbele.

Nikavaa miwani. Nikafunua ukurasa wangu.

"Barabara ya Pwani. Majina." Nikatua, nikawatazama. "Mwinshehe Salumu."

Makofi. Kuna aliyepiga kigelegele. Niliwaacha wapige mpaka wachoke, sikuwa na haraka hata kidogo. Halafu nikashuka mstari wa pili, na mdomo wangu, ambao siku zote hutangulia macho, ukasoma:

"Huyo hapo juu hakufika kazini."

Mbuzi akalia nje.

Nikasogeza miwani. Maandishi hayakubadilika. Nikasoma haraka kilichofuata, nikitafuta pa kushikia. "Sababu: amefiwa na mama mkwe. Kamati imempa pole na ruhusa ya siku saba."

Nikapumua. Kufiwa ni udhuru, nani atapinga? Watu wakaguna kwa huruma, na mzee mmoja nyuma akasema innalillahi kwa msiba wa miaka sitini iliyopita. Nikapata nguvu, nikaendelea kwa sauti ya mtu ambaye mambo yake bado yanakwenda vizuri.

"Kikao kilichofuata. Mwinshehe Salumu hakufika kazini. Sababu: amefiwa na mama mkwe."

Sauti dirishani ikauliza, "Kwani alikuwa na wake wangapi?"

"Mmoja," akajibu Mfaume. Lo, alivyolitamka hilo "mmoja", utadhani analamba asali.

Macho yangu yalikuwa yameshateleza mbele yakaona kinachokuja. Nikashusha daftari. "Ndugu mwenyekiti, naona muda unakwenda, na akina mama wana samaki motoni..."

"Taarifa, mwenyekiti." Mfaume alikuwa amesimama. "Tumepitisha neno kwa neno, na mtu yeyote asikatize. Msomaji naye ni mtu."

Mzee Rajabu alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia yake. Aliitoa kidogo. "Mjumbe, endelea. Azimio ni azimio."

Kipaza sauti kile cha madrasa kila Ijumaa hukata katikati ya tangazo. Nilikigongagonga kwa siri, nikakiombea kife. Leo kilikuwa kizima kuliko mimi.

Nikasoma.

"Katibu ameuliza, ni mama mkwe yupi. Mwinshehe amejibu, ni yule yule. Habari ya kwanza ilikuwa haijakamilika."

Darasa likalipuka. Mwenyekiti aligonga meza mara moja, halafu akaacha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Nami niliendelea, maana kama mnavyojua, ukishaingia kwenye maji lazima uoge, na mimi nilikuwa nimeingia na nguo.

"Kamati imetuma wajumbe watatu kwenda kuhani kwa marehemu, kijiji cha pili. Wajumbe wamemkuta marehemu anatwanga mpunga. Marehemu amewapokea vizuri, amewapikia wali kwa kunde, amewauliza ni nani aliyekufa. Wajumbe hawakuwa na jibu."

Dawati la kona likavunjika. Watu wanne walianguka nalo na hakuna aliyeinuka, walicheka huko huko chini. Na mnajua nilisikia nini? Kutoka pwani, mbali kule, nilisikia akina mama wa samaki wanacheka. Spika ilikuwa inafanya kazi yake.

Lazima niwaambie kuhusu huyo katibu. Alikuwa mwalimu wa shule, na inaonekana alikuwa mtu wa msimamo. Ukishaandikwa marehemu kwenye daftari lake, hufutwi. Mpaka ukurasa wa mwisho aliendelea kumwita marehemu, hata pale mama wa watu alipokuwa anafanya mambo ambayo marehemu hawayafanyi.

"Jumatatu. Marehemu amefika kijijini na jembe lake. Amesema amesikia mkwewe ana udhuru, kwa hiyo sehemu yake ataichimba yeye. Kwa siku mbili marehemu amechimba hatua arobaini na kung'oa visiki sita."

(Visiki. Kumbe visiki ving'okavyo vilikuwepo kweli. Shangazi zangu walikosea tu aliyeving'oa.)

"Mwinshehe ametafutwa. Ameonekana juu ya mnazi wa tatu kutoka msikitini. Alipotakiwa ashuke, amesema hawezi, kwa kuwa mama mkwe wake yupo barabarani, na kwa mila haifai mtu kukutana na mama mkwe wake uso kwa uso."

Mila hiyo kwetu ipo. Mwanamume akimwona mama mkwe anakuja, hubadili njia kwa heshima. Lakini kubadili njia. Sijawahi kusikia kwamba heshima ina kupanda.

"Kamati imejadili suala hili kwa kirefu. Imeona hoja ya Mwinshehe ina msingi wa mila. Imeamua marehemu asisimamishwe, kwa kuwa anachimba vizuri, na Mwinshehe abaki juu mpaka barabara ifike pwani."

Hapo hata mtendaji, kijana wa watu mwenye adabu zake, aligeuka akatazama ubao. Mabega yalikuwa yanamruka. Mimi nilikuwa nacheka? Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeshika daftari mbele ya uso, miwani imeingia ukungu, nasoma ili yaishe.

Ikabaki aya moja. Nikajiambia, Zaituni, aya moja tu, halafu unakwenda zako nyumbani unahama kijiji.

"Mwisho, kamati imejiuliza ilidanganyikaje mara mbili. Imeonekana ni kwa sababu mara zote mbili mtoto wake wa kiume, umri kama miaka minane, alionekana njiani akilia kwa uchungu na kumtaja bibi yake."

Nilipofika hapo, nikaacha kusoma.

Babu Mwinshehe alizaa binti watano na mtoto wa kiume mmoja. Na huyo mtoto wa kiume alikuwa mbele yangu, dawati la kwanza, kanzu imepigwa pasi mara mbili, mkongojo katikati ya magoti. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa nani ni mtoto wa nani. Kicheko kilipungua kidogo kidogo, safu baada ya safu, na macho yote yakamwendea.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ndugu zangu, hapo sikuona haya tena. Niliogopa. Nilimtoa mzee wangu barazani kwake alikokuwa amejikalia kwa amani, nikamvika kanzu, nikamleta kumdhalilisha kwa spika. Kumbe aliniambia, waache walale. Kumbe alinishika mkono. Mimi na masikio yangu mawili nikamwona mnyenyekevu.

Nikaliweka daftari chini, nikamfuata. Nikapiga magoti mbele ya dawati. "Baba, nisamehe."

Akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini alikuwa anacheka. Anacheka mpaka meno ya nyuma, machache yaliyobaki. Akanyoosha mkono, akanipokonya kipaza sauti.

"Jamani," akasema, "mimi nililia kweli. Alinifinya."

Nadhani kicheko kilichotoka hapo kilifika Zanzibar.

Akangoja. Baba yangu, ambaye tangu hospitali anaongea neno moja kwa siku, alingoja watu watulie kama mtu aliyezoea majukwaa. Halafu akaeleza.

"Alikuwa akinifinya hapa," akaonyesha paja, "ananiambia lia, bibi yako amekufa. Mara ya kwanza nililia kwa kufinywa. Mara ya pili hakunifinya sana, nililia kwa sababu niliamini. Sasa siku nipo njiani namwona bibi anakuja, jembe begani, nikatimua mbio. Nikadhani amefufuka."

Watu wakagonga madawati. Akainua mkono.

"Alinikimbiza akanikamata. Alikuwa na mbio yule bibi. Akanikalisha chini, akanipa muhogo wa kuchoma, akaniuliza kwa nini nakimbia. Nikamwambia. Akacheka. Akasema, mjukuu wangu, usimlilie mtu kabla hujamwona. Halafu akaenda kuchimba."

Akausimika mkongojo sakafuni, akaendelea.

"Alipokufa kweli, mimi nilikuwa kijana, niko Dar kibaruani. Nikaletewa habari. Nikacheka. Nikamwambia aliyeniletea, mwambie baba nimeshakua, hanifinyi tena. Sikuja. Wamemzika bila mimi." Akavua kofia, akajipangusa uso. "Basi tangu hapo, kila nikipita barabara ile napita pembeni. Katikati naona haya. Kama mna kibao, jamani, mwandikeni aliyechimba."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, wanja umeshafika kidevuni.

Mzee Rajabu akavaa kofia yake vizuri. "Huyo mama alikuwa anaitwa nani? Daftari limeandika marehemu tu."

"Mwanahawa," akasema baba. "Mwanahawa binti Kibwana."

Mfaume akasimama. Nikajiandaa, maana nilijua sasa ananimaliza. Akasema, "Ndugu mwenyekiti, naondoa baiskeli." Akakaa. Halafu akasimama tena. "Na naunga mkono."

Mikono ikapanda yote, darasani na madirishani. Wa baba ulikuwa wa kwanza. Mtendaji akaandika: Barabara ya Mwanahawa Kibwana. Akanigeuzia daftari nihakiki, na safari hii nilisoma mistari yote, juu mpaka chini, mara mbili.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha. Ajenda ya mwisho ilikuwa kazi ya kujitolea Jumamosi, kuchimba mashimo ya nguzo za vibao. Mwenyekiti akatangaza kwamba wenye udhuru wa kufiwa wataruhusiwa kama kawaida. Mkono wa Mfaume ukapanda (alikuwa ameshatosheka na wema).

"Mwenyekiti, napendekeza kwamba mtu wa ukoo wa Mwinshehe akisema amefiwa, kamati iende kwanza kumwangalia huyo marehemu."

Likapita kwa kauli moja. Baba naye alinyoosha mkono. Nilimwona.

Kurudi nyumbani hakutaka bodaboda. Alitaka kutembea, mimi nikiwa nimemshika. Tulipofika karibu na mnazi wa tatu, ambao sasa ni gogo tu, akaniambia, "Kutoka hapa, mpaka pale kwenye duka la mkaa. Hizo ndizo zake." Tukazipita hatua zote arobaini, polepole, katikati ya barabara, bodaboda zinatupigia honi na baba anazijibu kwa mkongojo. Ameongea njia nzima. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu, nikaona haya kukuharibia." Basi nikalia tena, katikati ya barabara ya watu, bila kufinywa.

Nyumbani tumekuta kijiji kizima kimetangulia kwenye sufuria. Mfaume amekula sahani mbili na sasa hivi namsikia anauliza kama ukoko upo. Baba yuko barazani anasimulia upya, ameanza tangu mwanzo kwa waliochelewa, na kila akirudia mnazi unazidi kuwa mrefu.

Na mimi, kama nilivyosema, nimejifungia. Simu imeita sasa hivi, ni mama mkwe wangu, yuko Saadani. Habari imeshafika. Hata salamu hakumaliza, alikuwa anacheka, akaniambia, "Mwanangu, waambie hao wa kamati nipo mzima, wakija waje na sukari." Amecheka mpaka akakohoa. Amekohoa sana. Nimemwambia mama, tafadhali, kunywa maji, pumzika, usiende pwani kwenye upepo, usibebe ndoo, ukihitaji kitu chochote niambie.

Mwenyezi Mungu amzidishie umri yule mama. Siku akiniondoka kweli, kijiji hiki nani ataniamini?